Saa Zako, Mugisho

Mugisho, rafiki yangu,

Wewe nilikupoteza miezi mitano iliyopita, Jumanne saa nne asubuhi, foleni dukani ikiwa na watu kumi na tisa. Saa zako nimezipoteza wiki iliyopita, Jumatatu, na sikujua zimepotea mpaka Jumatano alasiri, mzee wa watu alipokuwa ameshakataliwa mlangoni pa kliniki. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa na hasira, ujue mapema. Sikukuandikia baada ya mazishi, wala siku ya arobaini, na hata leo nisingeshika kalamu kama ungeniachia kitu kinachopiga kelele kinapoharibika.

Umeme umekatika tangu saa sita. Ndiyo maana nina nafasi.

Nianze na hesabu, unanijua. Kompyuta bado ni nne. Printa ni ile ile, bado inatafuna karatasi ya kwanza kila asubuhi, na mimi bado naipa karatasi chafu ile ya kwanza kama ulivyonionyesha. Skripti zako ni kumi na moja, nimezihesabu mara mbili. Mwuza chapati wa hapo nje bado anavunja mayai manne akiniona natoka, halafu anakumbuka, anasimama na mwiko mkononi, ananiangalia. Mayai mawili yako anampa mteja anayefuata. Wateja wako Wakongo hawajaacha kuja. Siku hizi wote wananiita Yaya, dada mkubwa kwa Kiswahili chenu, kama ulivyokuwa ukiniita wewe, hata wenye mvi kunishinda, mpaka Mkenya mmoja aliyekuja kuchapisha tiketi akaniuliza kwa heshima kabisa nalea watoto wa nani. Nikamwambia nalea kompyuta nne na zote hazisikii.

Na ukurasa ukichelewa kufunguka, badala ya kile kiduara kinachozunguka, bado yanatokea maneno uliyoyaweka siku yangu ya kuzaliwa: "Yaya, vuta pumzi." Intaneti ya Kamwokya unaijua. Jana niliyahesabu. Mara thelathini na nane kwa siku moja, marehemu ananiambia nivute pumzi. Sijaamua kama nikushukuru au nikutukane.

Ulikuja kwangu kama mteja. Fomu ya kitambulisho, ile ya kurasa nne. Ulikaa nyuma yangu ukatazama kidole changu kikibofya, na nilipomaliza ukasema, "Yaya, ni mara kumi na tisa." Nikashtuka kidogo, kwa sababu na mimi nilikuwa nimezihesabu, na sikuwahi kukutana na mtu mwingine mwenye ugonjwa huo. Ukauliza, "Na kila siku unakubali ukurasa ukupige hivi?" Kisha ukanyoosha mkono, ukagusa kitufe kimoja, na nusu ya skrini ikajaa mabano na vijineno vya rangi.

Mimi ni mtoto wa polisi, Mugisho. Nimezaliwa kwenye laini za polisi, zile nyumba za askari kambini, baba Sajini kutoka Arua, mama anaswali, baba anaenda misa, na wote wawili walinifundisha kwamba mtu akifungua kitu kisicho chake huyo ni mwizi. Nilichomoa waya wa kipanya. Ukacheka mpaka ukashika meza. "Tuliya kwanza. Tovuti ni yabo. Lakini skrini ni yetu."

Ilinichukua wiki mbili kuelewa. Ukurasa wenyewe unabaki kwao, hatuugusi. Brauza yetu hapa dukani ndiyo inayouchora, na ndani ya brauza mtu anaweza kuweka skripti, mistari michache tu, inayoamka ukurasa unapofunguka na kuupanga upya kabla sijauona: hili lifichwe, hiki kikae juu, maandishi haya yawe makubwa, kitufe cha kutuma kisionekane mpaka kila kisanduku kijazwe. Siku ile ile ya kwanza ukatoa matangazo. Ukatoa yale maswali yanayoulizwa mara mbili. Kumi na tisa zikawa sita. Nikapiga hesabu palepale: kumi na tatu nilizookoa, kwa watu sitini kwa siku, ni mara mia saba na themanini ambazo kidole changu hakikubofya. Jioni ile nilikuambia uje kesho, na ulipouliza uje kufanya nini nikasema, kukaa kwenye kile kiti.

Halafu zikaja saa.

Ile kliniki ya macho ya Nakasero inatoa nafasi kwenye tovuti, na tovuti yake inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, wakati watu wangu wote, wa Luganda, wa Kilugbara, Wakongo, wanahesabu kuanzia jua linapotoka. Kila nafasi ilibidi niigeuze kichwani, toa sita, ongeza sita, na ikifika alasiri nimechoka nakosea. Ukaandika skripti ya mistari arobaini na mitatu. Inatafuta safu ya saa kwenye lile jedwali, inaigeuza. 15:00 inakuwa 09:00, nami nasoma saa tisa. 09:00 inakuwa 03:00, nasoma saa tatu. Nilikuambia uongeze neno "asubuhi" na "alasiri" pembeni. Tulibishana siku nzima. Ulisema safu ni nyembamba, itapinda, na kwamba hakuna mgonjwa anayetibiwa macho saa tisa ya usiku. Ulishinda. Kwa miaka miwili nilisoma kilichoandikwa na kumwambia mteja hivyo hivyo. Kichwa changu kiliacha kabisa kugeuza saa, kama mguu uliokaa kwenye plasta.

Sasa sikiliza.

Mzee Onzima unamkumbuka. Yule koplo mstaafu wa Bwaise, aliyefanya kazi na baba, anayeingia na fimbo na kusalimia kompyuta kwanza kabla ya watu. Ndiye aliyekutajia namba za magari matano aliyoyasimamisha kwenye kizuizi cha barabarani zaidi ya miaka ishirini iliyopita, pamoja na rangi zake, na wewe ukaziandika kwenye karatasi, ukamwuliza tena baada ya saa nzima, akazirudia bila kukosea hata moja. Ulisema, "Mzee huyu iko na kichwa kuliko serveri." Alitamba na maneno hayo Bwaise nzima, ingawa sidhani alijua serveri ni nini.

Macho yake yameziba, yote mawili, mtoto wa jicho. Kuna daktari anayekuja kutoka nje mara chache kwa mwaka, na orodha yake inajaa upesi. Jumatatu iliyopita mtu mmoja akaahirisha na nafasi ikafunguka ya Jumatano. Nikaikamata kabla haijapoa. Nilikuwa na furaha, Mugisho, nilipiga meza. Skrini ilisema 09:00. Nikampigia simu: "Mzee, umepata. Keshokutwa saa tisa. Fika saa nane na nusu, na usile kitu tangu asubuhi." Akajibu, "Saa tisa, nimeshika, mtoto wa Sajini. Namba haijawahi kunitoroka." Kliniki nayo ilituma ujumbe kwenye simu yake. Ukakaa humo. Angeusoma kwa macho yapi?

Wale wa kliniki walikuwa wamebadilisha jedwali lao mwisho wa wiki. Haki yao, tovuti ni yao. Skripti zako nyingine kumi zikaendelea na kazi kama kawaida, matangazo hayapo, maandishi makubwa, kitufe mahali pake. Kila kitu kilikuwa na sura yako. Ile ya saa peke yake ilitafuta safu yake, haikuiona, ikaenda zake bila kusema neno. Ile 09:00 ilikuwa saa tatu ya asubuhi.

Mzee alikaa na njaa mchana kutwa. Alipanda boda peke yake kutoka Bwaise, shati limepigwa pasi, akafika saa nane na nusu kamili, kama askari. Wakamwambia jina lake liliitwa asubuhi mara tatu na daktari ameshaondoka. Nafasi nyingine ni baada ya siku arobaini na tisa.

Alinipigia akiwa palepale nje, nasikia magari. Nami nilikuwa nimefungua ukurasa ule ule kwa mteja mwingine na naangalia nafasi inayosema 14:00. Saa kumi na nne. Hiyo nimeisikia kwenye redio ya upepo ya baba tu, haijawahi kusikika dukani kwangu. Nikaelewa yote kwa pamoja, simu ikiwa sikioni, na kabla sijafungua mdomo Mzee akasema, "Usisumbuke, binti yangu. Wewe uliniambia saa tatu, mimi nikashika tisa. Kichwa kimekwisha."

Nikasema, "Pole, Mzee. Tutatafuta nafasi nyingine."

Hayo ndiyo niliyosema. Mtu mmoja zaidi nilikuwa nimemwandikia nafasi kwenye jedwali lile jipya, mama mmoja wa hapa Kamwokya, ya wiki hii, na huyo nilimpigia dakika ile ile nikamrekebishia saa, tena kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake. Mzee sikumpigia tena.

Ijumaa akaja Driciru, binti yake, anayeuza mboga soko la Nakasero na huondoka nyumbani kabla ya jua. Ameshika simu ya baba yake. Hakukaa. "Dada Zaitun, hii simu sasa iko kwangu. Kitu chochote cha baba, niambie mimi. Yeye hatoki tena peke yake." Nikauliza anaendeleaje. Akasema kila asubuhi anamwuliza leo ni siku gani, na mwezi gani, na jina la jirani, kuangalia kama ameanza kupotea. Mzee anajibu sawa. Halafu anamwuliza tena, kwa sababu labda amebahatisha. Hata kwenda kucheza mweso na wenzake wastaafu amemkataza, ni ng'ambo ya barabara tu, lakini barabara ni barabara. Akasema, "Na yeye hakatai, dada. Ndiyo inaniogopesha. Baba angekataa."

Nikamwangalia mtoto wa watu machoni, nikamwambia, "Wazee wanafika huko."

Jicho litasubiri siku arobaini na tisa. Lakini mtu akishaamini kwamba kichwa chake kimekwisha, hizo arobaini na tisa anazitumia kukubaliana na jambo hilo, na sijui ya hamsini itamkuta wapi.

Nikukasirikie kidogo kwanza, nina orodha. Wewe ulijua unaumwa. Uliniambia Jumatatu na Alhamisi unaenda kwaya. Mimi nikakubali, mjinga mimi, nisijiulize ni kwaya gani inayofanya mazoezi saa tatu asubuhi na kumrudisha mwimbaji na plasta mkononi na uso wa majivu. Ulikuwa unasafishwa damu. Nilijua mwezi wa mwisho, tena kwa mchungaji wako. Na kila nilipokuambia nionyeshe ndani ya hizo skripti kuna nini, ulisema, "Wiki inayokuja, Yaya." Ulisema hivyo mara saba. Sikutunga, mara saba, ya saba ukiwa umelala kitandani hospitali na mimi nimeshika kikombe. Wiki inayokuja ulikuwa chini ya udongo, nami nina mistari mia nne na kumi na mbili kwenye kompyuta nne, na ninachokijua ni kuiwasha na kuizima.

Wengine watasema marehemu hagombezwi. Wewe nilikugombeza ukiwa mzima kila siku na chai ukanitengenezea. Vumilia.

Jumapili nilifunga mlango nikafungua faili ya saa. Nikuambie nilichokuwa natafuta. Nilikuwa natafuta kosa lako. Nilitaka niende Bwaise na jina, nimwambie Mzee kichwa chako ni kizima, kuna mtu alikosea, na jina liwe lako. Marehemu hana duka. Hapotezi wateja. Watu wa laini za polisi huja kwangu kwa sababu moja: Zaitun hakosei. Nimeanza na kompyuta moja kuukuu chini ya mwavuli, hakuna aliyenishika mkono, na sifa hiyo ndiyo mtaji wenyewe. Nikawaza, Mugisho angeelewa.

Nikasoma mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Mengi sikuyajua, lakini uliwahi kunifundisha kitu kimoja, kwamba mstari wenye mikwaju miwili mbele, vile vijistari vya mshazari, umelazwa, mashine inaupita bila kuusoma, ni maneno ya binadamu kwa binadamu. Mstari wa thelathini na moja una mikwaju miwili. Umelazwa. Ni agizo kamili: ukikosa safu ya saa, weka utepe mwekundu juu ya ukurasa, kutoka ukingo hadi ukingo, wenye maneno haya: SAA HAZIJAGEUZWA. USIMWAMBIE MTEJA.

Na juu yake umeandika, kwa Kiswahili chenu: "Yaya anasema niondoshe hii. Naondosha. Sifuti."

Niliusoma tena, Mugisho. Niliusoma mara nyingi na sikuhesabu.

Kwa sababu nakumbuka. Ilikuwa wiki za mwanzo za ile skripti, siku ya soko, duka limejaa mpaka mlangoni. Intaneti ikawa nzito, ukurasa ukafika nusu, jedwali halijatokea, na utepe wako ukawaka mwekundu juu ya kompyuta zote nne. Jamaa mmoja kwenye foleni akasema, "Hiyo ni virusi, itakula karatasi zetu," akanyanyuka na bahasha yake akavuka barabara kwenda duka la pili. Wawili wakamfuata. Nikakugeukia mbele ya watu wote. Nilisema duka ni langu. Nilisema kama unataka kuchezea rangi ukafungue lako. Nilisema, "Toa huo wekundu sasa hivi, na nisiuone tena."

Wewe uliyebishana nami juu ya tangawizi kwenye chai. Uliyebishana juu ya mvua, ipi ni mvua kweli, ya Kampala au ya Bukavu. Uliyebishana kwa dakika ishirini nzima kuhusu kitufe kikae kulia au kushoto, ukachora mpaka kwenye mkono wako kunionyesha. Siku hiyo uliangalia skrini, hukuniangalia mimi, ukasema, "Sawa, Afande." Hujawahi kuniita hivyo kabla wala baadaye. Ukaandika kidogo, wekundu ukatoka, foleni ikasonga, na mimi nikasahau siku ile ile.

Ulijua skripti inayokosa safu yake bila kusema ni hatari. Kama usingejua usingeuandika ule utepe kabla ya kila kitu kingine. Ulijua, nami nilikuamuru, ukatii, ukauficha mahali ambapo siku moja ningeuona. Je, nikikuita mwaminifu nakosea? Au mwoga? Nimegeuza swali hili kila upande tangu Jumapili, na linanikasirisha kuliko kosa lenyewe.

Maana kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka juzi. Kila miezi sita ulihitaji barua ya kuonyesha kwamba una kazi na una mahali, ili wakuongezee muda kwenye karatasi zako za ukimbizi. Barua hiyo nilikuwa naiandika mimi, kwa dakika tatu, naisaini, nagonga muhuri, narudi kwa wateja. Kwangu ilikuwa karatasi kama nyingine. Sikumbuki kama wiki ile ya utepe barua yako ilikuwa karibu kuisha. Wewe ungekumbuka.

Haya, nilichofanya. Niliondoa mikwaju miwili. Utepe ukawaka, mwekundu kama ulivyokuwa. Halafu nikatafuta jina jipya la ile safu ndani ya ukurasa, kwa kitufe kile kile ulichokigusa siku ya kwanza, nikaliweka kwenye skripti badala ya la zamani. Imenichukua saa tatu na nusu, nikasahau kufunga mabano mara mbili, na mara ya pili nikazima kila kitu mpaka printa. Lakini 09:00 ikawa 03:00, utepe ukatoka wenyewe. Sasa nimeongeza "asubuhi" na "alasiri". Safu imepinda. Ulikuwa sahihi juu ya hilo, inapinda vibaya sana, na itabaki imepinda.

Jana utepe uliwaka mara mbili kwa sababu ya intaneti. Mama mmoja akauliza, "Nnyabo, hiyo nyekundu ni nini?" Nikamwambia ni mashine inasema haina uhakika, tungoje. Akangoja. Wote wakangoja, Mugisho. Hakuna hata mmoja aliyevuka barabara.

Kesho Jumatano naenda Bwaise. Nimemwomba Driciru achelewe kwenda sokoni, awepo, kwa sababu anayemwuliza Mzee tarehe kila asubuhi ndiye anayepaswa kusikia kwanza. Nitamwambia, "Mzee, ulishika nilichokuambia. Nilikuambia saa tisa. Kosa ni langu, na tangu Jumatano iliyopita nimelijua nikanyamaza." Nitalisema mbele ya majirani kama watakuwepo, na nikitoka hapo najua litafika kwenye laini za polisi kabla yangu. Wateja wakipungua watapungua. Kliniki nimeshawapigia, nikawaeleza kosa ni la wakala, si la mgonjwa. Wamemweka wa pili kwenye orodha ya wanaongoja mtu aahirishe. Si ahadi, ila ni kitu.

Lakini Mzee alikuwa mpelelezi kabla hajapelekwa kusimamisha magari barabarani, na baba alikuwa akisema Onzima alimaliza kesi zake kwa maswali mawili tu. Nani alijua? Na aliyejua, mbona alinyamaza? Atayauliza, namjua, atayauliza kwa upole, fimbo katikati ya magoti. Kwa upande wangu majibu ninayo na nitayatoa, yananitia aibu lakini ninayo: nilijua mimi, nikanyamaza kwa sababu ilinifaa. Kwa upande wako nina la kwanza tu. La pili sina. Na sitasimama mbele ya mzee yule nikubunie. Nikisema ulikubaliana nami, huenda nakusingizia kosa langu. Nikisema uliniogopa, basi ile miaka miwili na nusu, chai, kitufe cha kulia na kushoto, "vuta pumzi", sijui tena ilikuwa nini.

Pumzika, ndugu yangu. Mchungaji wako anasema kaburi limeota nyasi na wale wa kwaya, maana kumbe kwaya ilikuwepo kweli, walikwenda kulisafisha. Nami nakuahidi hivi: skripti zako zote kumi na moja nitazisoma mpaka mwisho, mstari kwa mstari, na hakuna nitakayoifuta. Na yeyote atakayekaa kwenye kile kiti, barua yake ya kazi nitaiandika siku ya kwanza, ya mwaka mzima, aiweke mfukoni mwake, ndipo nianze kumgombeza.

Sasa nijibu. Siku ile uliposema "Sawa, Afande", ulikubali, au uliniogopa? Sitaki maelezo, sitaki "wiki inayokuja". Utanijibu kwa njia gani sijui, hilo ni lako, wewe ndiye fundi. Neno moja linatosha. Nalitaka kabla ya kesho saa nne asubuhi, nitakapobisha mlango wa Mzee Onzima.